Nani Anakunywa Betri ya Carina? Shajara ya Wiki Tatu

Jumatatu, 22 Januari 2024

Leo tumesukuma tena. Ni Jumatatu ya nne mfululizo, na nimeamua kuanza kuandika, maana kila mtu nyumbani ana maelezo yake na hakuna anayekumbuka tarehe.

Gari ni Toyota Carina ya 1998, gia za mkono, usukani kulia kama magari mengi yanayotufikia kutoka Japani. Ni la yaya, kaka yangu mkubwa (huku Bukavu yaya ni yeyote aliyekutangulia kuzaliwa, awe mume au mke). Tunakaa Panzi, kwenye mteremko, na mteremko ndio ulioficha ugonjwa huu muda wote. Yaya huegesha pua ikitazama chini, na jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi mtoto anaondoa jiwe, gari linateremka lenyewe, yaya anatia gia ya pili, anaachia klachi, linawaka. Katika mji wa tambarare mtu angeshtuka wiki ya kwanza. Sisi tuna mlima, na mlima hauombi moto wa betri.

Leo lori la mchanga lilikuwa limeziba njia chini. Ikabidi tulirudishe gari juu kwa mikono, hatua kwa hatua, mpaka tupate nafasi ya kuligeuzia upande wa pili. Watoto wanne wa majirani walisaidia, faranga 500 kila mmoja. Yaya alipomaliza kufuta jasho akaniambia:

"Wewe si unatengeneza simu za watu? Simu ikimaliza moto usiku unajua sababu. Hii nayo ni batri tu, imekuwa kubwa."

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni kitu kilekile. Ningenyamaza ningefanya vizuri zaidi.

Hali ilivyo: betri ni ya ampea-saa 60 (yaani ikijaa inaweza kutoa ampea moja kwa saa 60), imenunuliwa Oktoba. Muuzaji alishambadilishia yaya ya kwanza kwa ubishi mkubwa, hii ya pili amekataa kabisa kuisikia. Kabla ya kusukuma nilipima vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa: volti 11.4. Betri nzima, ikishapumzika saa kadhaa, husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na ikishuka chini ya 11.8 haina kitu. Injini ilipowaka nikasoma 14.0. Nikaandika: alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, ni nzima, inachaji. Nikaichora mstari. (Naongeza baadaye: sikuirudia tena kwa siku kumi na mbili.)

Kinachonishangaza ni hii Jumatatu. Siku za kazi gari linawaka, japo kwa kusitasita. Yaya hulipaki Jumamosi mchana na kanisani tunakwenda kwa miguu. Kwa hiyo likikaa saa arobaini hivi bila kuwashwa, linakufa. Kuna kitu kinakunywa polepole, na kinahitaji muda.

Jumanne, 23 Januari

Usafi kwanza. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe wenye rangi ya kijani pembeni. Maji ya moto na magadi soda, mswaki wa zamani, dakika kumi. Juu ya betri palikuwa na utando wa vumbi lenye unyevu, nikajaribu kitu nilichokuwa nimekisikia tu: ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa cha hasi, ncha nyekundu juu ya plastiki tupu. Mita ikasoma volti 1.3! Uchafu ukichanganyika na mvuke wa asidi unapitisha umeme, kidogo sana, lakini unapitisha. Nilipofuta vizuri ikashuka hadi sifuri. Hicho si kiasi cha kuua betri kwa siku mbili, ila nimefurahi kukiona kwa macho.

Nimemwelekeza yaya: kila usiku alegeze kichwa cha hasi, akiondoe, mpaka nimpate mnywaji. Spana namba 10 itakaa kwenye mfuko wa mlango.

(Tafadhali msikilizeni huyu aliyefanya kosa: maelekezo haya, yaliyokuwa ya busara, ndiyo yaliyonipotosha wiki nzima. Ninaongeza mstari huu baadaye.)

Alhamisi, 25 Januari

Jana hakuna aliyefanya kitu, Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, walikuwa wanacheza na Tanzania kwenye Kombe la Afrika, sifuri kwa sifuri. Leo yaya amechelewa kwenda dukani kwa hiyo nimepata gari asubuhi, likiwa limelala usiku mzima kichwa kikiwa kimeondolewa.

Namna ya kupima ni hii. Ufunguo umetoka, milango imefungwa, boneti wazi. Mita inawekwa katikati ya kichwa cha hasi na waya wake, ili kila chembe ya umeme inayotoka ipite ndani ya mita. Gari lililolala halikosi kunywa kidogo: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta ya injini. Kwa gari la umri huu miliampea 20 au 30 ni kawaida, na mafundi wengi huvumilia hadi 50.

Mimi ni mtu wa simu. Maisha yangu yote ni miliampea. Mkono wenyewe ukachomeka waya mwekundu kwenye tundu la miliampea 200, kama ninavyofanya mezani kwangu. Wakati huohuo mtoto wa dada akafungua mlango wa nyuma kuchukua daftari lake. Taa ya ndani ikawaka, mita ikasema *tik*, na ukawa mwisho wa fyuzi yake. Taa ndogo kama ile peke yake inakula karibu ampea nzima. Nimepoteza saa mbili sokoni Kadutu kutafuta fyuzi ya mita, nikapata ya redio ya zamani, ikaingia kwa shida.

Mara ya pili: tundu la ampea 10, mlango wa dereva wazi lakini kitasa chake kimebanwa kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa, na watoto wote upande wa pili wa ua. Tena nilifunga waya mwingine sambamba na mita kabla ya kuachanisha kichwa, nikautoa baadaye, kwa sababu kila umeme ukikatika na kurudi king'ora cha gari kinapiga kelele na jirani wa chini ana mtoto mchanga.

Nikangoja dakika ishirini. Mita: ampea 0.27, yaani miliampea 270.

Piga hesabu: 0.27 mara saa 40 ni karibu ampea-saa 11. Kwa betri ya 60 iliyojaa si kitu cha kuiua, lakini betri hii haijai kamwe. Safari zetu ni fupi, Panzi hadi Nyawera kupitia Essence, foleni, taa, kupanda na kushuka. Nikaona hesabu inakaribia ukweli. Nikataka ikaribie.

Mke wangu ana mshukiwa wake: mama wa Kijapani. Kila tukiwasha gari, kuna kifaa kidogo chini ya dashibodi, cha kulipia barabara huko Japani, ambacho mwanamke ndani yake anasema sentensi ndefu kwa sauti ya upole. Watoto wameikariri yote. "Huyo mama halali," anasema mke wangu. "Mtu anayeongea hivyo asubuhi, usiku anawaza." Nilimpima kwanza kwa heshima ya nyumba. Hana hatia: ufunguo ukitoka hapati umeme.

Sikuchomoa fyuzi hata moja. Nyingi za fyuzi hizi za miguu bapa zina vidoa viwili vya chuma mgongoni. Ukiweka mita kwenye milivolti 200 na kugusa vidoa vyote viwili, fyuzi isiyopitisha umeme itasoma sifuri, na inayopitisha itasoma kitu kidogo. Nikapita moja moja, sanduku la ndani kwanza, kisha la karibu na betri. Sifuri, sifuri, sifuri. Ile iliyoandikwa DOME ikasoma 0.1, hiyo ni saa na redio.

Basi 0.27 inapita wapi, kama haipiti kwenye fyuzi? Kwenye nyaya zinazofungwa moja kwa moja kwenye betri. Nikainama kutazama kichwa cha chanya. Palikuwa na nyaya nene za kiwandani, na waya mmoja mwembamba mwekundu uliosokotwa kwa tepu, kazi ya mkono wa mtu. Nikaufuata: unapita chini ya chombo cha maji ya wiper, unaishia kwenye king'ora. King'ora chenyewe kilikuwa na joto la mkono, kama simu inayochaji. Nilipokifungua nikakuta betri ndogo za akiba ndani yake, zile za kukiwezesha kulia hata mwizi akikata waya. Zilikuwa zimepasuka, zimetoa ukoko wa kijani, na king'ora kilikuwa kinajaribu kuzichaji bila kukoma. Maiti inanyonyeshwa, usiku na mchana.

Nikakata. Mita: 0.09, yaani miliampea 90.

Tisa si tano. Nilijua si tano. Nikajiambia mita yenyewe ni ya bei rahisi na fyuzi yake ni ya redio. Nikamwita yaya, nikamwonyesha ukoko, nikapongezwa, nikala kuku. Usiku hatutaondoa kichwa tena.

Jumatatu, 29 Januari

Volti 11.7. Halikuwaka.

Lakini jana usiku ni usiku gani! Umeme ulikatika mtaa mzima saa tatu, mechi na Misri inaanza saa nne. Yaya akaingia kwenye gari na wanaume sita, redio juu, milango wazi. Bao moja kwa moja, muda wa nyongeza, penalti. Kipa Mpasi anapiga ya mwisho mwenyewe, nane kwa saba. Kulikuwa kumeshafika saa saba kasoro na hakuna aliyezima chochote.

Kwa hiyo jaribio limeharibika. Redio saa tatu na taa ya ndani juu yake inaweza kula ampea-saa sita au zaidi, siwezi kusema kama gari lina ugonjwa au lina furaha. Watoto wamelipwa. Nimeichaji betri kwa chaja ya mzee wa karibu na Feu Rouge mpaka jioni.

Alhamisi, 1 Februari

Nimepima kila asubuhi kabla halijawashwa:

Jumanne 12.45. Jumatano 12.33. Leo 12.21.

Linatembea kila siku, linachajiwa kila siku, na bado kila asubuhi limeshuka. King'ora hakipo. Jana asubuhi nilipima ampea tena, baada ya kumwomba yaya aondoe kichwa usiku ili nisiamke mapema: 0.08. Ampea 0.08 usiku kucha ni ampea-saa moja. Haiwezi kushusha betri namna hii. Ama betri yenyewe haishiki, kama anavyosema muuzaji kwamba tunaiua sisi, ama ninapima uongo.

Jirani wa chini, mwenye daladala ya zamani, amenishauri niwashe injini kisha nitoe kichwa cha betri. Ikizimika, alteneta mbovu. Nimemkatalia kwa adabu. Alteneta ikiondolewa betri ghafla inarusha volti kubwa, na gari hili lina kompyuta. Yeye gari lake halina hata saa.

Usiku wa Ijumaa, 2 Februari, kuamkia Jumamosi

Ninaandika ndani ya gari.

Tumewapiga Guinea tatu kwa moja. Yaya alikwenda kuangalia mjini, amerudi saa sita na nusu, amepanda mlima wote akipiga honi. Mimi sina usingizi, mtaa wote hauna. Mita ilikuwa mfukoni. Nikamwambia shuka, usiondoe kitu, nipime sasa hivi injini ikiwa bado inalia *tik tik* kwa kupoa. Sikuwa na sababu ya kisayansi. Nilikuwa na furaha na mita.

1.15.

Nikadhani nimesahau taa. Nikazunguka gari mara mbili. Nikaweka simu yangu ndani ya buti ikirekodi video, nikafunga, nikaitoa: giza tupu, taa ya buti inazima vizuri. Nikafanya vivyo hivyo kwenye kabati ya dashibodi. Giza. Nikarudi kwenye mita: 1.12.

Basi nikachomoa fyuzi zote, za ndani na za nje, nikazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa sanduku ili nisizichanganye. Gari lilikuwa sasa halina chochote: halina taa, halina honi, halina mama wa Kijapani. Mita ikasema 1.08.

Saa saba: 0.94.
Saa nane: 0.71.
Saa tisa na nusu: 0.55.

Inashuka yenyewe. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Kinachobadilika peke yake ni joto la injini.

Ndipo nilipokaa kimya kidogo. Wiki nzima nimekuwa nikipima asubuhi, na kila nilipopima kichwa kilikuwa kimelala nje usiku kucha kwa amri yangu mwenyewe. Nilikuwa nampeleka mgonjwa kwa daktari kila mara homa ikishashuka.

Jumamosi, 3 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi, mita 0.41. Baridi ya hapa alfajiri mnaijua, ukungu unapanda kutoka ziwani na chuma kinauma vidole. Nikaweka kiganja kwenye kila kitu chini ya boneti. Kichwa cha injini: baridi. Stata: baridi. Rejeta: baridi, na matone ya maji juu yake. Alteneta, upande wa nyuma: vuguvugu. Kidogo tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Gari limezimwa saa tano na nusu zilizopita.

Waya wa alteneta ni mnene na haupiti kwenye fyuzi ndogo nilizokuwa nikizigusa. Unapita kwenye ile kubwa ya ampea 100 iliyofungwa kwa skrubu, ambayo sikuichomoa kwa sababu haichomoki. Alhamisi ile nilipoinama kwenye kichwa cha chanya niliuona waya huu. Niliuacha kwa sababu ulitoka kiwandani, nikamfuata mwembamba kwa sababu alifungwa na mtu. Ubaguzi mtupu.

Nikatoa kichwa cha hasi kwanza. Hili nasisitiza kwa vijana: waya wa nyuma ya alteneta una moto saa zote hata ufunguo ukiwa nyumbani, spana ikigusa bodi utaona jua. Kisha nikavua kofia ya mpira, nati namba 10, nikatoa waya, nikaufunga tepu nyeusi, nikarudisha fyuzi zote, kisha kichwa kupitia mita.

0.03.

Nikaurudisha waya. Injini imepoa kabisa sasa: 0.07. Nikawasha, nikaiacha inguruma dakika ishirini na taa zimewaka, nikazima, nikapima: 1.1. Nikatoa waya tena: 0.03. Nimerudia mara mbili ili yaya aone kwa macho yake. Alikuwa amevaa kitenge begani na kichwa kinamuuma.

"Lakini ulisema inachaji," akasema.

Inachaji. Ndani ya alteneta kuna diodi, milango ya njia moja: umeme unatoka kwenda kwenye betri, haurudi. Mlango ukiwa na ufa, injini ikiwaka bado utaona 14.0 yako na utaridhika. Ufa unaonekana gari likilala. Na diodi inavyozidi kuwa na joto ndivyo inavyozidi kuvuja, kwa hiyo saa mbaya kabisa ni ile ya kwanza baada ya kuegesha, wakati ambapo hakuna fundi anayepima kwa sababu kila mtu anataka kwenda kula.

Kumbe hata redio ilikuwa inatuambia. Tangu mwaka jana kuna mluzi kwenye spika unaopanda kila yaya akikanyaga mafuta. Tukisikiliza Radio Okapi tukipanda mlima, habari zote zinasomwa juu ya mluzi. Tulidhani ni antena.

Jumanne, 6 Februari

Kwa mzee fundi wa umeme wa magari, chini ya soko la Kadutu. Kibanda kama sanduku la kiberiti, alteneta zimetundikwa ukutani kama samaki. Nikamsalimu, nikampa karatasi yangu ya vipimo. Akaisoma yote, polepole, mtu wa kwanza kuisoma.

"Unasema ikiwa baridi hakuna kitu."

"Ndiyo, mzee. Karibu hakuna."

"Aksanti. Wengine wananiletea wanasema *imekufa* tu."

Akaifungua, akatoa sahani ya diodi, akaziachanisha na nyaya za shaba kwa kichomeo. Hakutumia mita. Alikuwa na betri ya pikipiki na taa ndogo ya dashibodi kwenye vipande viwili vya waya. Akaunganisha diodi ya kwanza kinyume, yaani upande ambao haitakiwi kupitisha. Taa haikuwaka. Akaweka ncha ya kichomeo kwenye ubavu wa diodi, akahesabu kwa midomo. Taa giza. Nzima. Ya pili, giza. Ya tatu: alipohesabu hadi kumi na kitu, uzi ndani ya taa ukaanza kuwa mwekundu, kama sigara inayovutwa gizani. Akaondoa kichomeo, ukafifia, ukazimika. Akarudisha, ukawaka. Alinitazama bila kusema neno.

Nikataka kusimama. Akaniambia kaa, hatujamaliza, moja haitoshi.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho nilikuwa sijakiwaza. Ndani ya alteneta diodi zimepangwa mbili mbili, moja ya upande wa chanya na mwenzake wa upande wa bodi, na umeme unaotoroka lazima upite kwenye zote mbili. Moja ikivuja peke yake, mwenzake anauzuia. Ili betri inywewe usiku, lazima zivuje za pande zote mbili. Akaendelea, na kweli kwenye sahani ya pili akaipata ya pili, na hiyo taa iliwaka vizuri zaidi.

"Mbili pamoja," akasema, "hiyo si uzee. Uzee unaanza na moja. Waulize nyumbani nani aligeuza nyaya."

Maana yake: betri ikiunganishwa kinyume, chanya kwa hasi, milango yote ya njia moja inakuwa wazi kwa wakati mmoja na mkondo mkubwa unapita ndani yake. Zikiwa na bahati fyuzi kubwa inaungua kwanza. Zikikosa, zinapona nusu.

Sahani ya diodi kutoka kwenye alteneta nyingine dola 12, makaa mapya (vipande vya kaboni vinavyosugua ndani ya alteneta) kwa sababu yale ya zamani yalikuwa yamebaki kama ukucha, na kazi yake, jumla dola 22. Mluzi wa redio umekwisha. Yaya hakuamini, akapandisha sauti, akakanyaga mafuta mara tatu mbele ya kibanda.

Njiani kurudi nikamuuliza. Kwanza hakukumbuka. Tulipofika Essence akakumbuka. Oktoba, betri ya zamani ilipokufa, rafiki yake alikuja usiku na nyaya za kuazima moto. Mvua, tochi ya simu mdomoni. "Cheche zilitoka, ndiyo. Lakini ni sekunde mbili tu, tukageuza."

Kesho yake ndipo aliponunua betri mpya. Kwa hiyo muuzaji, yule tuliyemtukana wiki tatu, alituuzia betri nzima mara mbili.

Jumatatu, 12 Februari

Gari limelala tangu Jumamosi mchana, kichwa hakikuguswa. Jumatano tulifungwa na Côte d'Ivoire moja bila, Jumamosi tukaikosa nafasi ya tatu kwa penalti mbele ya Afrika Kusini. Mechi zote mbili zimeangaliwa kwa jirani, redio ya gari nilipiga marufuku.

Saa kumi na mbili na robo: volti 12.56. Ampea, ikiwa baridi, 0.03. Jumamosi, kabla halijalala, niliiwasha dakika ishirini, nikazima na kupima papo hapo ikiwa na joto: 0.03.

Yaya amepeleka katoni ya sabuni kwa muuzaji wa betri. Hakusema amekwenda kuomba radhi, alisema amepitia tu.

King'ora bado kiko mezani kwangu, nitaweka betri ndogo mpya nikizipata. Kile kifaa cha Kijapani nilitaka kukitoa kwa kuwa hakina kazi, watoto wamekataa.

Watoto wanne wa majirani walikuwa wamesimama nyuma ya gari kabla ya saa kumi na mbili na nusu, mikono tayari kwenye buti. Yaya akageuza ufunguo, likawaka mara moja, wakatazamana. Wakadai faranga zao hata hivyo, kwa kuwa wameamka. Amewapa. Nikamwambia basi sasa lile jiwe tulitupe. Amesema likae hapohapo, breki ya mkono nayo haiamini.